Mwongozo Kamili wa Kupokea Furaha Ndogo za Kila Siku kwa Imani ya Kikristo

Wakristo wengi tunajua kuomba tunapopungukiwa, na tunajua kutubu tunapokosa, lakini ni wachache waliofundishwa la kufanya wanapofurahi. Mtu hunywa chai yake ya asubuhi kabla nyumba haijaamka, husikia joto likimshuka kifuani, humaliza kikombe, kisha huingia kazini bila kutambua kwamba amepewa kitu. Mwongozo huu unahusu nyakati za namna hiyo: vitu tuvipendavyo ambavyo ni vidogo mno kutolewa ushuhuda kanisani, na jinsi ya kuvipokea kama waamini. Kinachohitajika ni daftari, kalamu na uvumilivu wa wiki chache.

Kabla ya kuanza: ondoa hofu kwamba kufurahi ni kosa

Jambo hili lazima litatuliwe mwanzoni, kwa sababu anayeshuku kila starehe atazifanya hatua zote zinazofuata nusunusu. Wapo waamini waliolelewa kuamini kwamba Mungu huridhika zaidi mtu anapojinyima, na kwamba kitu kikipendeza sana basi huenda ni mtego. Maandiko hayasemi hivyo. Katika Mwanzo 2:9, miti ya bustani inasifiwa kwanza kwa kutamanika kwa macho, ndipo inatajwa kufaa kwa kuliwa. Uzuri ulitangulia matumizi. Zaburi ya 104 inamsifu Mungu kwa divai imfurahishayo mtu moyo wake, kwa mafuta yang'azayo uso na kwa mkate. Ishara ya kwanza ya Yesu katika Injili ya Yohana ilifanyika arusini, kwa mabalasi sita ya mawe ambayo kwa vipimo vya leo yangebeba zaidi ya lita 400, na lililokuwa limepungua pale halikuwa dawa wala chakula cha wenye njaa, lilikuwa kinywaji cha sherehe. Baada ya kufufuka, Bwana huyohuyo aliwasha moto wa makaa ufukoni, akaweka samaki juu yake, akawaambia wanafunzi waliokesha bila kupata kitu, "Njoni mfungue kinywa."

Paulo naye anawaonya Wakolosai dhidi ya walimu wa "msishike, wala msionje, wala msiguse", na anamwandikia Timotheo kwamba kila kiumbe cha Mungu ni kizuri kama kikipokelewa kwa shukrani. Mstari ninaouona kuwa kiini cha jambo lote ni 1 Timotheo 6:17, ambapo matajiri wanaagizwa wasiutumainie utajiri usio yakini, bali wamtumaini Mungu "atupaye vitu vyote kwa wingi ili tuvitumie kwa furaha". Sentensi moja inabeba ruhusa na onyo kwa pamoja: kitu kitumiwe kwa furaha, lakini tumaini lisikiegemee. Ukiushika mstari huu, una kipimo cha kutosha cha safari nzima.

Wasiwasi wenyewe si wa leo. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini aliyeishi kati ya mwaka 354 na 430, aliungama kwamba utamu wa sauti za waimbaji wakati mwingine ulimvuta kuliko maneno yaliyoimbwa, na hilo lilimsumbua. Hata hivyo hakuondoa uimbaji kanisani, kwa kuwa alikumbuka machozi yaliyomtoka aliposikia nyimbo za Kanisa katika siku za mwanzo za imani yake. Ukiwa na dhamiri nyepesi kama yake, soma hatua ya tano mapema, kisha urudi hapa.

Hatua ya kwanza: andika orodha yako kwa maneno mahususi

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huiharakisha. Kwa muda wa wiki moja, tembea na daftari dogo na uandike kila kitu kinachokufurahisha pale kinapotokea. Usikae mezani jioni ukijaribu kukumbuka, kwa maana kumbukumbu ya jioni huleta mambo makubwa na yanayokubalika tu: familia, afya, kazi, wokovu. Hayo ni ya kweli na ni ya kushukuriwa, lakini ukiyaandika kwa ujumla hivyo, ukurasa wako utafanana na wa mtu mwingine yeyote, nawe hutajifunza lolote kuhusu namna Mungu anavyokufurahisha wewe.

Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba kila ingizo liwe mahususi kiasi kwamba mtu anayekufahamu, akiliokota daftari lako njiani, angejua ni lako. Badala ya kuandika "watoto", andika jinsi mtoto wako anavyotamka neno fulani vibaya huku akiwa na uhakika kwamba amelisema sawasawa. Badala ya "maumbile", andika harufu ya udongo mkavu mvua inapoanza kuupiga. Badala ya "muziki", andika ile sehemu ya wimbo ambapo sauti ya nne inaingia na benchi zima la kanisa linaonekana kutetemeka. Ukikwama, pitia milango ya fahamu mmoja mmoja: leo nimegusa nini kilichonipendeza, nimenusa nini, nimesikia nini, nimeona nini, nimeonja nini?

Usichuje orodha ili ionekane ya kiroho. Mtu anayependa kunoa visu hadi vikate nywele, au kupanga vitabu kwa urefu, au kusikiliza matangazo ya mpira redioni akiwa peke yake, aandike hivyo. Yako pia mambo yanayosahaulika karibu na kila mtu, nami nayataja ili uyatafute: usingizi unaokuja haraka, kazi ngumu iliyokamilika, kukaa kimya na mtu ambaye humlazimiki kumzungumzisha, kicheko kisichozuilika mahali ambapo hakikutakiwa, na nguo iliyozoea mwili.

Kuandika kwa namna hii kuna mfano wake katika Maandiko. Zaburi 103 inaiambia nafsi, "usizisahau fadhili zake zote", lakini haiishii hapo. Mistari inayofuata inazitaja fadhili zenyewe moja baada ya nyingine: anayesamehe, anayeponya, anayekomboa, anayetia taji ya fadhili na rehema, anayeshibisha mema. Mtunzi alijua kwamba fadhili isiyotajwa ndiyo inayosahaulika.

Mwisho wa wiki, ukiwa na maingizo 20 au 30, soma orodha yote kwa sauti, kisha weka alama tatu. Wekea nyota vitu ambavyo havikukugharimu fedha yoyote. Kwa kawaida vitakuwa vingi kuliko ulivyodhani, na hilo peke yake hupunguza hofu ya maisha. Pigia mstari vile vinavyomhusisha mtu mwingine. Zungushia duara vile ambavyo ulivipenda zamani lakini hujavigusa kwa muda mrefu. Alama hizi zitatumika mbele.

Hatua ya pili: tulia mbele ya kitu kimoja

Kila siku chagua kitu kimoja tu katika orodha na ukipe dakika mbili kamili. Chukua mfano wa shuka safi lililokauka juani. Unalikunjua, na kabla halijatua kitandani linajaa hewa katikati na kushuka taratibu. Lina ugumu kidogo kwenye pindo, pale maji yalipochelewa kukauka. Ukiliweka usoni, lina harufu ambayo sabuni peke yake haiwezi kuitoa. Unalala, na kwa muda mfupi miguu inatafuta sehemu zenye ubaridi. Mambo haya yote hutokea kila linapotandikwa shuka safi, na karibu mara zote tunakuwa tumeshika simu.

Sababu ya kutulia ni kwamba binadamu huzoea haraka. Kinachotushangaza mwezi huu huwa cha kawaida mwezi ujao, hata kama hakijabadilika hata kidogo, na ndiyo maana watu hufukuzia kikubwa zaidi kila mara wakidhani kwamba kitu ndicho kilichopungua utamu. Yesu alipowafundisha wenye wasiwasi katika Mathayo 6, aliwaagiza waangalie ndege wa angani na kuyafikiri maua ya mashamba jinsi yanavyomea. Ni amri ya kutazama, iliyotolewa kwa watu wenye shida halisi za chakula na mavazi, na haiwezekani kuitii huku mtu akipita mbio.

Weka simu chumba kingine. Usipige picha. Dakika mbili zikikushinda mwanzoni, anza na pumzi tano za taratibu, na uongeze kadiri unavyozoea.

Hatua ya tatu: shukuru kwa kukitaja

Sala nyingi za shukrani tumezirithi zikiwa tayari: "Tunakushukuru kwa uzima, afya na ulinzi." Ni maneno mema, yamewabeba wazazi wetu, na hakuna sababu ya kuyaacha. Ila yakirudiwa kwa miaka, kinywa huyasema huku moyo uko safarini. Shukrani inayotaja kitu humlazimisha anayeomba kuwepo.

Ninapendekeza sala yenye mambo manne, kwa mpangilio huu: taja kitu chenyewe, taja njia kilizopitia hadi kukufikia, mtaje Mpaji, kisha kikabidhi tena kwake. Kwa mfano wa shuka, sala inaweza kuwa hivi: "Bwana, asante kwa shuka hili na kwa ubaridi wake miguuni mwangu. Asante kwa jua lililolikausha, na kwa mikono iliyolifua nami sikuwepo. Kila kutoa kuliko kwema hutoka kwako. Nikilala, nilinde; na usiku huu uwakumbuke wasio na pa kulala. Amina." Sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi. Karibu hakuna furaha inayotufikia bila kupita mikononi mwa mtu, na mara nyingi sala hii itakuonyesha mtu ambaye hujawahi kumwambia asante. Mwambie siku hiyohiyo.

Kuhusu wakati wa kushukuru, desturi yetu ni kuombea chakula kabla ya kula. Kumbukumbu la Torati 8:10 linataja shukrani baada ya kula na kushiba, na mistari inayofuata inaeleza sababu: hatari ya kumsahau Mungu huja mtu akiisha kushiba, akajenga nyumba nzuri na kukaa ndani yake. Kwa hiyo ongeza sentensi moja ya shukrani baada ya kila furaha, na usitosheke na ile ya kutangulia. Kumbuka pia wale wakoma kumi wa Luka 17. Wote walitii, wote walitakaswa, na aliyerudi ni mmoja, tena Msamaria. Swali la Yesu kuhusu wale tisa halikuwa kwamba walipokea visivyo, bali kwamba hawakurudi.

Wanaofurahia kazi za mikono au za sanaa wanaweza kujifunza kwa Johann Sebastian Bach, mtunzi wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1750. Kwenye kurasa za tungo zake nyingi aliandika mwanzoni herufi za sala ya kumwomba Yesu msaada, na mwishoni herufi za maneno yanayompa Mungu peke yake utukufu. Weka alama yako mwenyewe, kwa penseli, pembeni mwa kazi unayoipenda: ombi unapoanza, shukrani unapomaliza.

Hatua ya nne: ipe nafasi katika ratiba

Jambo lisilo na saa yake hufa ndani ya mwezi. Funga zoezi hili kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku, kama vile kupiga mswaki au kufunga mlango usiku. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti aliyefariki mwaka 1556, aliwafundisha wafuasi wake kuichunguza siku kwa sala fupi, na akaweka shukrani kwa mema waliyopokea kuwa jambo la kwanza, kabla ya kuomba nuru na kabla ya kupekua makosa. Mpangilio huo una busara: anayeanza kwa kuhesabu makosa mara nyingi hulala kabla hajafika kwenye mema. Naye Ndugu Lawrence, mtawa Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691, alizoea kuzungumza na Mungu katikati ya sufuria za jikoni alikopangiwa kazi, kwa hiyo asiyepata faragha asikate tamaa.

Kwa siku ya mapumziko ya juma, tenga kitu kimoja cha pekee ambacho hutakitumia siku nyingine. Kitabu fulani, matembezi ya njia fulani, kikombe fulani. Kusubiri hukirudishia kitu utamu, na siku ya Bwana inakuwa na ladha yake hata kwa mtoto. Vile ulivyovizungushia duara katika hatua ya kwanza ndivyo vya kuanza navyo hapa.

Hatua ya tano: jua mpaka

"Vitu vyote ni halali kwangu," anaandika Paulo katika 1 Wakorintho 6:12, "lakini mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu cho chote." Jiulize maswali matatu kwa kila kitu ambacho umekipenda sana. Je, ninaweza kukiacha kwa wiki moja bila kuwaonea wengine kwa hasira zangu? Je, ninakifanya kwa kificho? Je, kuna wajibu, deni au mtu anayesubiri kwa sababu yake? Jibu moja baya linatosha kukufanya usimame.

Tiba ya kwanza ni kufunga kitu hicho kwa muda uliopangwa, wenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na muda ule uliokuwa wake uupe sala. Ukirudi, rudi kwa kiasi na kwa shukrani. Kufunga kusiko na mwisho uliopangwa mara nyingi huishia ama kwa kiburi ama kwa kuanguka kwa kishindo. Lakini ukigundua kwamba huwezi kukiacha, hasa kama ni kileo, kamari au kitu kingine chenye kushika mwili na akili, usipambane peke yako gizani. Mwone mchungaji au padre wako, na umwone pia daktari. Msaada wa tiba haupunguzi imani.

Hatua ya sita: ipeleke kwa mwingine

Katika Nehemia 8:10 watu waliokuwa wakilia waliambiwa waende wakale kilichonona na kunywa kilicho kitamu, na katika sentensi hiyohiyo wakaagizwa wampelekee sehemu yeye asiyewekewa kitu. Ndipo yanafuata maneno tunayoyapenda, kwamba furaha ya Bwana ni nguvu zetu. Tumezoea kuyanukuu maneno hayo bila ile sahani iliyotangulia.

Geuza daftari lako na uanzie ukurasa wa nyuma. Andika jina la kila mtu wa nyumbani mwako, na chini yake vitu vidogo anavyovipenda, kwa umahususi uleule uliojipa wewe. Huenda ukashtuka kuona kwamba unajua deni la ndugu yako na tabia zake mbaya zote, lakini hujui ni wimbo gani humfanya aongeze sauti ya redio. Muulize mama yako alipenda kucheza nini utotoni. Muulize mwenzi wako ni saa ngapi ya siku anayoipenda, na kwa nini. Uliza ukiwa huna haraka, wala usijibu kwa kueleza ya kwako. Kisha, mara moja kwa wiki, mtengenezee mtu mmoja kitu kimoja kutoka kwenye ukurasa wake, bila kutangaza. Yale uliyoyapigia mstari katika hatua ya kwanza yatakuonyesha wa kuanza naye.

Mgonjwa asiyetoka kitandani, mzee asiyeona vizuri na mgeni asiye na ndugu karibu wastahili ukurasa wao pia. Watu hawa hupewa misaada ya lazima na kusahaulika katika mapenzi yao, kana kwamba anayehitaji dawa hana tena rangi aipendayo.

Hatua ya saba: siku ambazo hakuna kinachopendeza

Siku hizo zitakuja. Nabii Eliya, katika 1 Wafalme 19, alikaa chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumhoji. Malaika alimgusa akamwambia ainuke ale. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji kichwani pake. Akala, akanywa, akalala tena, na malaika akamjia mara ya pili kwa chakula kilekile. Mazungumzo yake na Mungu kwenye mlima Horebu yalikuja baadaye, baada ya safari ya siku arobaini. Ukiwa katika hali kama hiyo, punguza zoezi lote hadi kitu kimoja cha mwili: maji safi, usingizi, jua la asubuhi mgongoni. Sala iwe neno moja. Usijilazimishe kufurahi; pokea tu. Giza likidumu kwa wiki kadhaa, tafuta daktari au mshauri, na mwombe mtu akusindikize.

Nasihi hapa kwa uzito wote: usimpelekee aliyefiwa orodha ya baraka zake. Warumi 12:15 inatuagiza kulia pamoja nao waliao, na agizo hilo halina kifungu cha kuwaharakisha wanyamaze. Ukitaka kutumia daftari lako wakati huo, fungua ukurasa wa nyuma, usome jina lake, umpelekee kimyakimya kitu anachokipenda, kisha ukae naye.

Mambo machache ya utekelezaji

Ukiruka siku kadhaa, anza tena palepale ulipo bila kujaribu kulipia zilizopita. Orodha nayo huchakaa, kwa hiyo iandike upya kila baada ya miezi mitatu bila kutazama ya zamani, kisha uzilinganishe. Vilivyobaki katika zote mbili vinastahili kulindwa dhidi ya ratiba yako. Kwa familia yenye watoto, kila mmoja ataje mezani kitu kimoja kilichompendeza siku hiyo, na mzazi aanze, kwa sababu watoto huiga kiwango cha umahususi wanachokisikia. Mtoto akitaja kitu kinachoonekana kichekesho, kama vile sauti ya kifuniko cha chupa kinapofunguka, kiingizwe kwenye sala ya usiku kama kilivyotajwa, kwa maneno yake mwenyewe.